LastQuake: inamfaa dereva aliyelala Mombasa kuliko mimi niliyelala Kasese

Kwa mwenye haraka na bando imebaki kidogo: LastQuake, aplikesheni ya simu ya kukupa habari za matetemeko, ni ya bure, ni nyepesi, iweke. Ila kama unadhani itakuamsha kabla kitanda hakijatikisika huku kwetu Uganda chini ya milima ya Rwenzori, sahau, haikutengenezwa kwa kazi hiyo na sijaona aplikesheni ya kuiweza hiyo kazi kwa mtu anayeishi juu kabisa ya mahali pale tetemeko linapoanzia. Anayefaidika zaidi ni dereva wangu aliyeegesha trela Mombasa, mji ambao ardhi yake haitikisiki hata robo ya ya kwetu. Najua inasikika kinyume, nitaeleza.

Mimi nanunua kahawa Kasese na kupeleka bandarini kwa malori, kwa hiyo biashara yangu mguu mmoja uko kwenye bonde la ufa na mwingine uko kwenye chumvi ya Bahari ya Hindi. Huku tetemeko ni jirani yetu. Wataalamu walioweka mitambo kuzunguka Rwenzori miaka ya 2006 na 2007 walikuwa wananasa mamia ya matetemeko madogo kila mwezi, mengi hata ukiwa umelala sakafuni huyasikii. Wazee wanasimulia la Toro la Machi 1966 lililoua zaidi ya watu 150, Bundibugyo ndiko kulikoumia sana na ng'ambo Kongo pia, halafu kuna la Februari 1994 la Kisomoro, ukubwa 6.2, lile lililopasua kuta Fort Portal na wengine mpaka leo ukienda kwao wanakuonyesha ufa ulipopita kabla ya kupigwa plasta. Na 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, Bukoba upande wa Tanzania ilitikiswa na 5.9, huku Uganda tukalisikia kuanzia Rakai, Masaka mpaka Kampala watu wakatoka mbio ofisini.

Kila mara baada ya hapo ni maswali yale yale. Ilikuwa nini? Lori limepita? Limetokea wapi, linarudi? Na simu zimekataa, kila mtu anapiga kwa wakati mmoja, mtandao umelala.

Hapo kwenye maswali ndipo LastQuake inaingia. Ni ya EMSC, kituo cha matetemeko cha Ulaya na Mediterania kilichoko Ufaransa, kipo tangu 1975, na pamoja na jina lake hilo la Ulaya wanafuatilia dunia nzima. Wanapokea vipimo kutoka vituo vya nchi nyingi kama vituo vingine, lakini akili yao iliyonivutia ni ingine. Wamejiuliza, mtu akitikiswa anafanya nini? Anashika simu. Sasa wao wanaangalia, ghafla watu wengi wa eneo moja wamefungua aplikesheni au tovuti yao kwa pamoja, basi kuna kitu kimetokea pale, na wanaweza kujua ndani ya dakika moja mbili hata kabla hesabu za mitambo hazijakamilika. Yaani woga wetu wenyewe ndo kipimo. Mimi hiyo naipenda sana, maana siku zote tunaambiwa wananchi msizue taharuki, kumbe kuna watu kazi yao ni kuipima taharuki.

Ujumbe ukiingia unakuta ukubwa wa tetemeko, umbali kutoka ulipo, na limepita muda gani. Ukigusa unaona ramani na maneno ya watu waliolisikia, huyu anasema kabati limelia, yule anasema mbwa walibweka kwanza, mwingine anasali tu. Maneno mengi ni ya lugha za huko kwao lakini unapata picha.

Kitu kilichonifanya niache kuiona kama mchezo ni ule ukurasa wa kuripoti. Hakuna fomu ya kusoma. Ni katuni. Zimepangwa kuanzia pale hamna kilichotokea, unapita kwenye vitu vinavyocheza, vitu vinavyoanguka, kuta, mpaka kule mwisho ambako nyumba imekuwa kifusi, wewe unagusa ile inayofanana na hali yako basi. Nilimwonyesha dereva wangu mmoja, mzee wa miaka mingi barabarani ambaye Kiingereza na yeye hawajawahi kusalimiana, tukiwa uwanjani magunia yanapakiwa. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso vile wazee wanavyofanya, akapitisha kidole polepole katuni moja baada ya ingine bila mimi kusema kitu, akafika kwenye moja ya ukuta uliopasuka akasimama hapo. "Mama, hii ndo ile ya Kisomoro. Sisi tulikuwa hapa." Akarudi nyuma kidogo akagusa ingine, "na Bukoba ile ya juzi juzi tulikuwa hapa, chupa zilianguka kwenye duka." Nikajisemea hawa watu wa Ufaransa wameelewa kitu. Serikali ngapi zinatuletea karatasi ya kurasa kumi ya kujaza baada ya maafa, na mzee ameshajibu kila kitu kwa kidole kimoja.

Sasa kasoro. Mfumo unaotegemea watu unataka watu. Kule Ugiriki au Italia walionayo ni wengi, likitikisa kidogo tu ripoti zinamiminika. Bundibugyo, Ntoroko, Kyondo kule milimani, wangapi wanayo? Kwa hiyo tetemeko dogo la kwetu linaweza kupita na ripoti mbili tatu au lisionekane kabisa, na hiyo sio dhambi ya wenye aplikesheni, ni sisi hatumo humo. Ndo maana nasema iweke hata kama huna shida nayo, ukitikiswa gusa katuni yako, unawasaidia pia watu wanaopima.

Halafu hili la kuonya kabla. Hapa watu wanachanganya sana na wauzaji wa aplikesheni zingine wanafaidika na huo mchanganyiko, kwa hiyo vumilieni hesabu kidogo. Tetemeko linatoa mawimbi ya aina mbili kuu. La kwanza linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde, hilo ni mguso tu, mara nyingi halibomoi. La pili ndo lenye fujo, linakuja kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Mifumo ya kuonya inanasa lile la kwanza halafu inakimbiza ujumbe kwenye simu kabla la pili halijafika. Sasa kama limeanzia kilomita 15 chini yako, tofauti ya hayo mawili kukufikia haifiki hata sekunde mbili. Sekunde mbili! Simu yenyewe haijamaliza kutetemeka. Mtu wa Kampala kwa tetemeko la Fort Portal angeweza kupata kama nusu dakika, hiyo ni muda wa kutoka jikoni na kuzima gesi, lakini huyo wa Kampala kwa umbali huo si ndo mwenye hatari ndogo zaidi? Mwenye kuhitaji sana anapata kidogo, mwenye kuhitaji kidogo anapata nyingi.

Simu za Android zina mfumo wa Google ambao unatumia kile kifaa kidogo ndani ya simu kinachojua imelazwa au imesimamishwa, simu nyingi zilizotulia mezani zikitikisika kwa pamoja mfumo unaelewa kuna tetemeko. Ulianza California 2020 na sasa uko nchi nyingi. Tafuta kwenye setingi, sehemu ya usalama na dharura, kama kwako kuna tahadhari za tetemeko washa, haikugharimu kitu. Ila usiiabudu. Februari 2023 Uturuki, lile la 7.8, Google wenyewe baadaye walikubali mfumo ulikadiria ukubwa mdogo kuliko ulivyokuwa, watu kama milioni 10 waliokuwa karibu wangeweza kupata ile tahadhari kali ya kukuamsha, zikatumwa 469 tu kwa tetemeko la kwanza. Mia nne sitini na tisa. Na hiyo ni kampuni yenye pesa zote za dunia.

Kwa hiyo mtu wa Kasese au Fort Portal anayeniuliza aweke aplikesheni gani ya kumwokoa, jibu langu ni ring bimu. Mwambie fundi akufungie ukuta juu kwa zege na nondo, pembe zishikane vizuri, usijenge ghorofa kwa matofali ya udongo, kitanda kisiwe chini ya kabati zito. Nyumba ndo inaua, sio ardhi. Aplikesheni itakuja kukueleza baadaye kilichotokea, na hiyo nayo ina thamani yake nitaisema, lakini usibadilishe mfuko wa simenti kwa bando.

Sasa twende Mombasa.

Pale hesabu inageuka yote. Tsunami haikimbii kama wimbi la tetemeko. Kwenye kina kirefu cha bahari inakwenda kama ndege ya abiria, kilomita 700 au 800 kwa saa, ni mbio ndiyo lakini bahari ni kubwa. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilipiga karibu na Sumatra, Indonesia, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri. Maji yalifika Somalia baada ya kama saa saba, yakaua karibu watu 300, kijiji cha Hafun ndo kilichoumia zaidi. Kenya yalifika mchana, akafa mtu mmoja. Tanzania wasiopungua 10. Dunia nzima walikufa kama 230,000.

Fikiria hizo saa. Dereva wangu akiwa amelala kwenye kabini alfajiri ile, anaamka, anasali, anakunywa chai na mahamri, anapiga foleni ya makaratasi bandarini, anagombana na wakala, na muda wote huo maji yako njiani yanakuja na yeye hajui. Kutoka kisiwani mpaka Mariakani kwenye mizani ni kama kilomita 40 hivi, angeweza kwenda na kurudi mara kadhaa. Na 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kuonya kama ule wa Pasifiki, ambao ulikuwepo tangu 1949. Kenya waliokoka kwa sababu wakubwa walipata habari za kule mawimbi yalikotangulia, wakatuma polisi kufukuza watu ufukweni. Somalia haikuwa na wa kumfukuza mtu.

Ndo maana nasema taarifa ya simu ina faida kubwa kwa yule asiyetikiswa. Mimi nikipata ujumbe "6.2 kilomita 20 kutoka ulipo" tayari nimeshajua, niko nje na shuka. Yeye akipata ujumbe "9 Sumatra" hajasikia chochote, kikombe hakijatingishika, na ana saa za kutosha za kufanya kitu cha maana.

Lakini LastQuake sio kituo cha tsunami, hili liandike kwa wino. Inakuambia kuna tetemeko kubwa baharini, haiamui kama maji yanakuja Mombasa. Hiyo kazi sasa ina wenyewe: kuanzia 2011 Australia, India na Indonesia ndo wanaotoa taarifa za tsunami kwa Bahari ya Hindi yote, zinaingia kwa kila nchi, Kenya ni idara yao ya hali ya hewa, Tanzania ni TMA, mamlaka yao ya hali ya hewa, na hao ndo wa kusema tokeni au rudini. Uganda hatuna bahari basi hakuna ofisi ya Kampala itakayomkumbuka dereva wa Uganda aliyelala Jomvu kule Mombasa, hiyo ni juu yako mwenye lori.

Kwa nini tetemeko kubwa halitoshi? Angalia 11 Aprili 2012. Sumatra tena, 8.6, kubwa sana, bahari yote ikawekwa tahadhari, Kenya na Tanzania wakaambia watu waondoke ufukweni, na mwisho hakuna maji ya maana yaliyokuja. Sababu ni kwamba lile la 2004 sakafu ya bahari iliinuka ikasukuma maji juu, la 2012 miamba iliteleza kwa ubavu, maji hayakusukumwa sana. Wako waliokasirika ati walipotezewa mchana wao. Mimi nimepoteza mchana mwingi zaidi mpakani Malaba nikisubiri muhuri mmoja, kwa hiyo sioni shida ya mtu kukaa juu ya kilima masaa machache halafu akarudi.

Na tetemeko la pwani yenyewe? Lipo. Tarehe 12 Agosti 2020 usiku, baharini upande wa Dar es Salaam, la karibu 6, Dar walitoka kwenye maghorofa, Mombasa na mpaka Nairobi walilisikia. Halikuleta tsunami. Lakini lingekuwa kubwa zaidi na karibu zaidi, hakuna saa saba hapo, ni dakika, na hapo aplikesheni iache mfukoni. Nimewaambia madereva wangu hivi na nimebandika kwenye dashibodi: ukiwa karibu na bahari ukatikiswa kwa nguvu au kwa muda mrefu mpaka huwezi kusimama vizuri, au ukaona bahari imerudi nyuma ghafla samaki wanaruka kwenye mchanga, usipige picha, usinipigie mimi, panda juu au ondoka kwa miguu kuelekea bara. Trela liache. Tanboi mmoja, utingo wa lori, akauliza, na mzigo? Nikamwambia kahawa ina bima, wewe huna. Akacheka, ila najua wengine wangebaki kulinda tairi za spea.

Na hili wengi hawalijui, tsunami sio wimbi moja. Zinakuja kadhaa, zimeachana kwa dakika nyingi hata saa, na ya kwanza si lazima iwe kubwa. Wanaorudi kuokota vitu baada ya ya kwanza ndo wanakutana na ya pili. Subiri mwenye mamlaka aseme imekwisha.

Nirudi kwenye bidhaa yenyewe maana nimeenda mbali. Setingi za kuchagua ni muhimu, usiache ilivyo. Nimechuja ikaniletea za karibu na zile kubwa sana za dunia, basi, zile za katikati za Chile na Japani sina haja nazo saa nane za usiku. Kabla yake nilikuwa na ingine, siitaji jina, ilikuwa inalia king'ora kwa kila kitu kinachotingishika duniani, haichuji bila kulipia, na katikati inakuwekea tangazo la kubeti. Onyo la maafa lenye tangazo la kubeti. Nikaifuta. Shida ya king'ora cha kila usiku sio usingizi tu, ni kwamba siku ya kweli utakizima bila kufungua macho.

Simu zetu za bei nafuu zina tabia ya kuua programu zilizolala ili betri idumu, kwa hiyo unaweka aplikesheni, unafurahi, ujumbe hauji kabisa au unakuja ukiifungua mwenyewe kesho yake. Ingia setingi, sehemu ya betri, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi, na kama unazima sauti usiku ipe ruhusa ya kulia hata hivyo. Hii hatua wengi wanairuka halafu wanasema haifanyi kazi. Madereva wote nimewafanyia kwa mkono wangu kabla ya safari. Ile setingi ya mahali ulipo (location) pia lazima iwe imewashwa, la sivyo "karibu nami" haina maana yoyote, na dereva anayehama kutoka Kasese mpaka pwani ndo uzuri wake, karibu yake inahama naye. Data haili sana, picha za watu ndo zinakula kama utakaa kuziangalia, na kwa hizi data zetu zenye kodi ya asilimia 12 usikae.

Ile thamani niliyosema nitaisema ni uvumi. Sisi huku Facebook imefungwa tangu Januari 2021, huingii bila VPN, kwa hiyo kila kitu kinapita WhatsApp, na baada ya tetemeko haipiti saa moja bila ule ujumbe wa "NASA wamethibitisha kubwa zaidi linakuja leo saa nane usiku laleni nje tuma kwa watu 20." Hakuna mtu duniani, NASA wala nani, anayeweza kutaja saa ya tetemeko lijalo. Yanayofuata madogo ndiyo yapo, hayo ni kawaida na nyumba iliyopasuka usiingie. Ila saa kamili, hapana. Sasa nikitumiwa huo upuuzi nafungua LastQuake, napiga picha ya skrini, narusha kwenye kundi la familia: lilikuwa hili, ukubwa huu, kilomita kadhaa, limekwisha. Shangazi zangu wa Kilembe ambao walikuwa wametoa magodoro nje kwenye baridi ile wanarudi ndani. Kwa hiyo kazi peke yake ingetosha kuiweka.

Usichanganye pia ukubwa. Mtu anaona 5 na 6 anasema si tofauti ya moja tu. Kila namba moja ikipanda nguvu inayotoka ni kama mara 32. Kwa hiyo 6.2 ya Kisomoro na 4.2 ya wiki iliyopita sio ndugu hata kidogo.

Mpwa wangu anayefanya clearing, kazi ya kutoa mizigo bandarini, kule Mombasa aliponiona na hii kitu akanicheka, "Mama mdogo, nyie wa milimani mnatuhurumia sisi wa bahari?" Nikamwambia sisi tuna Nyamwamba, ule mto ulishuka 2013 na tena 2020 ukachukua mpaka wodi za hospitali ya Kilembe, maji tunayajua. Na kusema kweli, kwa Kasese ningelipia pesa yangu mwenyewe aplikesheni ya kunionya Nyamwamba ikifurika kabla ya hii ya tetemeko, maana mvua kubwa mlimani inaonekana, na kuna muda kati ya juu kunyesha na chini kubebwa. Hiyo bado sijaiona sokoni. Mwenye nayo anitafute.

Swali ninaloulizwa na wavuvi wa Katwe na wale wa Ziwa Albert, je ziwani tsunami iko? Tsunami ya kuvuka bahari inataka bahari, maziwa yetu ni madogo na Victoria yenyewe kina chake hakifiki hata mita 100. Lakini maji ya ziwa yanaweza kuyumba na kupiga kingo likitikiswa, au udongo wa mlima ukiporomokea ndani, kwa hiyo ukitikiswa ukiwa kwenye mtumbwi karibu na mwamba ondoka kwenye mwamba. Hakuna aplikesheni ya hiyo.

Nyota basi. Kwa mtu wa Kasese, Fort Portal, Bundibugyo: tatu kati ya tano, moja ya katuni, moja ya kuua uvumi, moja kwa sababu ni bure na haina matangazo ya ajabu. Kwa dereva, wakala, mwanafunzi au yeyote wa kwetu anayelala pwani kuanzia Lamu mpaka Mtwara: nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe kwa kuwa na namba ya mtu wa huko anayeifuatilia redio ya Kenya au Tanzania. Ukiiweka leo, kabla hujalala pita kwenye betri na kwenye kuchuja. Na kama mtandao umelala baada ya tetemeko usipige simu, tuma meseji ya kawaida, hiyo inapenya hata pale simu ya sauti imekataa.